Kuwasha si Kuzindua: Kipakatalishi Kikongwe, Diski ya Nje na Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Miongoni mwa kauli zinazosikika mara kwa mara katika mabweni na maktaba za vyuo vikuu nchini Kenya ni ile ya mwanafunzi anayelalama kwamba kipakatalishi chake kimekufa. Aghalabu kauli hiyo hufuatwa na safari ya kwenda kwa fundi, na huko hukumu hutolewa upesi: nunua diski mpya, au nunua mashine nyingine. Ni nadra sana mtu kuuliza swali la msingi: je, mashine hiyo imekataa kuwaka, au inawaka ila imekataa kuzinduka? Swali hilo haliulizwi kwa sababu, katika Kiswahili cha kila siku, hali hizo mbili zimepewa neno moja.

Makala haya yanakusudia kutetea hoja kwamba ujuzi wa kuzindua kipakatalishi kikongwe kwa kutumia diski ya nje ni ujuzi unaomhusu mwanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja, na kwamba ni wajibu wake kuueleza kwa lugha anayoisomea. Unamhusu kwa kuwa kazi zake za utafiti zimo ndani ya mashine hizo. Ni wajibu wake kuueleza kwa kuwa istilahi isiyoweza kumwongoza mtu kutenda jambo kwa mkono wake mwenyewe haijawa istilahi. Ni pambo la kamusi.

Maneno Matatu kwa Hali Tatu

Kitenzi "washa" asili yake ni moto na mwanga. Huwashwa kuni, jiko na taa. Umeme ulipoingia majumbani, kitenzi hicho kiliupokea bila taabu, pamoja na kinyume chake, "zima". Kwa taa, maneno hayo mawili yanatosha, kwa maana taa ikishapata umeme imekamilisha kazi yake. Tarakilishi haiko hivyo. Ikishapata umeme, ndipo kazi inapoanza: haina budi kuutafuta mfumo endeshi, yaani programu kuu inayozitawala programu nyingine zote, na kuupakia katika kumbukumbu yake. Mfumo huo usipopatikana, taa zitawaka, feni itazunguka, na skrini itaonyesha mistari michache ya maandishi meupe juu ya weusi. Mashine imewaka. Hata hivyo, haijui la kufanya.

Waingereza walilipatia tendo hili neno lililotokana na picha ya mtu anayejinyanyua kutoka chini kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe. Picha hiyo inawafaa wenyewe. Kiswahili hakina haja ya kuazima buti za mtu, maana kinacho kitenzi "zindua". Mtu aliyezimia moyo wake wapiga na pumzi zake zatoka, lakini hajitambui. Akipepewa au akimwagiwa maji, huzindukana. Hapana ashikaye sepetu kumchimbia kaburi mtu aliyezimia. Kipakatalishi kinachowaka pasipo kuonyesha cho chote cha maana kimo katika hali iyo hiyo. Kimezimia.

Ipo pia hali ya tatu. Mtumiaji anapokifunika kipakatalishi bila kukizima, mashine hulala huku mfumo endeshi ukiwa ungali umo katika kumbukumbu. Kifuniko kikiinuliwa, huamka pale pale ilipokuwa. Kwa hivyo, yapendekezwa kwamba "kuwasha" litumike kwa kuipa mashine umeme, "kuzindua" kwa kuipakia mfumo endeshi, na "kuamsha" kwa kuitoa usingizini. Lugha imekwisha kuyapa maneno haya maana zinazokaribiana na matumizi hayo. Kilichobaki ni kuyatumia kwa uangalifu.

Yamkini msomaji atadai kwamba "kuzindua" kumekwisha kutwaliwa na wenye kuzindua vitabu, miradi na kampeni. Dai hilo ni la kweli, lakini halina uzito. Neno moja kubeba maana zaidi ya moja ni jambo la kawaida katika lugha zote, na muktadha hutofautisha. Isitoshe, kitenzi hiki kinanyambulika kwa wepesi, nayo ni sifa ambayo kila mwanaisimu huitafuta anapochagua istilahi. Mashine huzinduliwa. Diski iliyoandaliwa kwa kazi hiyo ni diski ya uzinduzi. Programu ndogo inayouita mfumo endeshi ni kizinduzi. Orodha ya vifaa ambavyo mashine huvikagua kwa zamu ni mpangilio wa uzinduzi. Familia nzima ya istilahi imepatikana katika shina moja, na hakuna neno hata moja lililohitaji kuombwa ugenini.

Jinsi Mashine Inavyozinduka

Kabla ya kueleza utaratibu, ni vyema kufahamu kinachotendeka. Katika ubao mkuu wa kila kipakatalishi mna chipu iliyohifadhi programu tangulizi. Katika mashine za zamani programu hiyo huitwa BIOS; katika mashine nyingi zilizotoka tangu mwaka 2012, Windows 8 ilipoingia sokoni, huitwa UEFI. Mashine inapowashwa, programu hii ndiyo ya kwanza kufanya kazi. Hukagua kumbukumbu, kibodi na vifaa vingine, kisha hufuata mpangilio wa uzinduzi: hutazama kifaa cha kwanza katika orodha, kisipokuwa na kizinduzi, huenda kwa cha pili, na kuendelea.

Jambo la kuzingatia ni kwamba programu tangulizi haina mapenzi na diski ya ndani. Diski hiyo hutangulia kwa sababu tu imewekwa mbele katika orodha. Mtumiaji akiiweka flashi au diski ya nje mahali pa kwanza, mashine itazinduka kutoka huko, na diski ya ndani itabaki kama kabati lililofungwa ambalo hakuna aliyeligusa. Hii ndiyo siri yote. Haihitaji bisibisi wala shahada ya uhandisi.

Kutokana na maelezo hayo, msomaji anaweza kuona kwamba diski ya nje ni kipimo cha maradhi pia. Iwapo mashine iliyodhaniwa kufa itazinduka kutoka kwenye flashi, basi ubao mkuu, kumbukumbu, skrini na kibodi vyote vina uzima wa kutosha. Hitilafu imo katika diski ya ndani au katika mfumo endeshi uliomo humo. Iwapo haitazinduka hata kwa flashi iliyojaribiwa kwenye mashine nyingine na kufaulu, basi ipo sababu ya kushuku kwamba ugonjwa uko ndani zaidi. Mwanafunzi atakayefika kwa fundi akiwa na maarifa haya hatauziwa diski asiyoihitaji.

Jungu Kuu Halikosi Ukoko

Huenda ikaulizwa ni kwa nini mtu ajisumbue na mashine kongwe. Jibu la kwanza linahusu fedha na wakati. Kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 7 mnamo tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 mnamo tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai kumbukumbu isiyopungua GB 4, nafasi ya diski isiyopungua GB 64, na chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0. Vipakatalishi vingi ambavyo wanafunzi wamerithi kutoka kwa kaka, dada na wajomba zao havitimizi sharti hilo la mwisho, ijapokuwa vinaweza kuandika tasnifu nzima bila kuchoka. Mashine hizo hazijaharibika. Zimefungiwa mlango.

Mlango mwingine umekuwa wazi kwa muda mrefu. Mwaka 1991, Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitoa kiini cha mfumo unaoitwa Linux, na tangu hapo watu wa mataifa mengi wameujenga na kuugawa bure. Mwaka 2000, Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, mfumo uliozinduka moja kwa moja kutoka kwenye diski ya CD bila kusakinishwa. Mwaka 2003, Barry Kauler wa Australia alianzisha Puppy Linux, mfumo mdogo unaoweza kupakiwa wote katika kumbukumbu. Mwaka 2004, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini aliwaletea watumiaji Ubuntu. Mwanafunzi wa isimu hahitaji kuambiwa maana ya jina hilo: ni neno la lugha za Kinguni, na shina lake ni lile lile linalopatikana katika "mtu" na "utu" wa Kiswahili.

Jibu la pili ni zito zaidi. Jungu kuu halikosi ukoko, na ukoko wa kipakatalishi kikongwe ni faili zilizomo. Mwanafunzi wa fasihi simulizi huenda nyanjani akarekodi nyimbo za unyago, ngano, majigambo na mahojiano na malenga. Mara nyingi rekodi hizo hukaa katika mashine moja tu. Mfumo endeshi ukivurugika na fundi akashauri kwamba diski ifutwe ili mfumo usakinishwe upya, kinachofutwa ni sauti ya mzee ambaye huenda amekwisha kufariki, wala hatarudi kuimba tena. Hasara hiyo haina soko la kuifidia. Ilhali flashi ya GB 8 ingetosha kuizindua mashine, kuifungua diski ya ndani na kunakili kila faili katika diski nyingine kabla ya mtu ye yote kufuta cho chote.

Jibu la tatu linahusu mazingira. Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na asilimia 22.3 pekee ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kila mashine inayozinduliwa upya ni mashine ambayo haijaongezwa kwenye jaa.

Utaratibu wa Kuzindua

Zifuatazo ni hatua zinazohitajika, zilizoelezwa kwa kutumia istilahi zilizopendekezwa hapo juu.

Kwanza, mtumiaji aichunguze mashine. Je, kichakataji chake ni cha biti 32 au cha biti 64? Je, kumbukumbu ni GB ngapi? Swali hili si la kupuuzwa, kwa kuwa watengenezaji wengi wa mifumo wameacha kuhudumia biti 32. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Mashine ya biti 64 yenye GB 4 za kumbukumbu inaweza kuendesha Linux Mint kwa starehe. Yenye GB 2 itafaa Lubuntu au mfumo mwingine mwepesi. Yenye GB 1 au chini ya hapo ijaribiwe kwa Puppy Linux au antiX, ambayo toleo lake la mwaka 2023 lilikuwa na namna ya biti 32.

Pili, atumie tarakilishi nyingine nzima kupakua taswira ya mfumo, yaani faili moja kubwa ya aina ya ISO, kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Faili hiyo haifai kunakiliwa tu kwenye flashi kama inavyonakiliwa picha au wimbo. Huandikwa kwa programu maalumu kama vile Rufus au balenaEtcher, ambayo huipanga flashi hadi programu tangulizi iweze kukitambua kizinduzi. Ikumbukwe kuwa kazi hii hufuta kila kitu kilichokuwa kwenye flashi.

Tatu, aichomeke flashi katika mashine kongwe iliyozimwa, aiwashe, kisha papo hapo abonyeze mara kwa mara kitufe cha kuitia orodha ya uzinduzi. Kitufe hicho hutofautiana. Katika vipakatalishi vingi vya Dell na Lenovo ni F12; katika vingi vya HP ni F9; katika vile vya Apple vyenye kichakataji cha Intel, hushikiliwa kitufe cha Option. Orodha itakapotokea, ateue jina la flashi na kubonyeza kitufe cha kuingiza. Ikiwa orodha haikutokea, aghalabu sababu ni kuchelewa kubonyeza. Azime, ajaribu tena.

Nne, mfumo utakapouliza, achague kuujaribu, asichague kuusakinisha. Kujaribu hakugusi diski ya ndani. Hapa ndipo mtumiaji atakapochunguza kama kibodi, sauti na mtandao vinafanya kazi, na ndipo atakapoifungua diski ya ndani na kuokoa faili zake kwa kuzinakili katika diski ya pili.

Tano, aamue jinsi atakavyoendelea. Zipo njia tatu. Anaweza kuitumia flashi kwa majaribio tu, ambapo mashine ikizimwa kila alichokifanya ndani ya mfumo hupotea. Anaweza kuiandaa flashi yenye sehemu ya kuhifadhi, ili faili na mipangilio ibaki. Au anaweza kuusakinisha mfumo kamili katika diski ya nje, akawa anatembea na ofisi yake mfukoni. Anayechagua njia ya tatu atahadhari: visakinishi vingine huandika kizinduzi katika diski ya ndani hata pale mfumo wenyewe unapowekwa nje, na baadaye mashine hukataa kuzinduka diski ya nje isipokuwapo. Njia salama ni kuichomoa diski ya ndani kwanza, au kuhakikisha mahali kizinduzi kinapoandikwa kabla ya kuthibitisha.

Mtumiaji asitarajie miujiza ya kasi. Vipakatalishi vingi vya kabla ya mwaka 2010 vina matundu ya USB 2.0 pekee, ambayo upeo wake ni megabiti 480 kwa sekunde, USB 3.0, ambayo mara nyingi tundu lake lina rangi ya buluu, hufikia gigabiti 5. Kwenye tundu la zamani, uzinduzi huchukua dakika kadhaa. Subira yavuta heri. Mfumo ukishapakiwa, uandishi wa insha au tasnifu hauhitaji kasi kubwa.

Tahadhari na Maadili

Msomaji makini atakuwa amekwisha kuona jambo la kutia hofu. Ikiwa mashine inaweza kuzinduliwa kutoka nje, basi nywila ya kuingilia Windows haizuii kitu, maana anayezindua kwa flashi yake haulizwi nywila hiyo. Mwenye mashine huokoa faili zake kwa njia hii, na mwizi wa mashine naye huzisoma kwa njia ii hii. Jambo hili ni la uzito kwa watafiti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa wajibu kila anayeshika taarifa za watu kuzihifadhi kwa usalama. Mwanafunzi aliyerekodi mahojiano na watu waliomwamini hana budi kuzifumba faili zake kwa programu ya usimbaji, na ikiwezekana kuweka nywila kwenye programu tangulizi.

Kwa upande wa pili, diski iliyosimbwa humfungia hata mwenyewe. Mashine nyingi za miaka ya karibuni husimbwa kwa BitLocker, na mabadiliko katika mipangilio ya uzinduzi yanaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48. Ufunguo huo utafutwe na kunakiliwa kabla ya kugusa cho chote. Kadhalika, diski ya ndani inayotoa mlio wa kugonga-gonga ina hitilafu ya mwili, na kila jaribio la kuisoma linaweza kuidhuru zaidi. Faili muhimu zitangulizwe, au kazi aachiwe mtaalamu. Mwisho, mashine kongwe ambayo kila ikizinduliwa huonyesha tarehe ya miaka mingi iliyopita pengine haina ugonjwa mkubwa: betri yake ndogo ya saa imekwisha. Tarehe isiporekebishwa, tovuti nyingi zitakataa kufunguka.

Pingamizi na Majibu

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wahandisi, na kwamba Idara za Kiswahili zina tamthilia, ushairi na sarufi ya kutosha kuzishughulisha. Kauli hii ingekuwa na mashiko kama kazi hizo zingeandikwa kwa kalamu na karatasi. Mwanafunzi ambaye tasnifu yake imo katika mashine asiyoielewa anayategemea maarifa ya watu wengine katika kazi iliyo yake. Vilevile, idara hizo zimekuwa zikitoa mwito kwa miaka mingi kwamba Kiswahili kitumike katika sayansi na teknolojia. Mwito huo hauwezi kutimizwa na wahandisi peke yao, kwa maana wao hawakufunzwa kuunda istilahi wala kuipima.

Wengine watasema kwamba kazi ya kuitafsiri tarakilishi imekwisha kufanywa. Ni kweli kwamba juhudi za kutajika zimekuwapo. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi wenye menyu za Kiswahili, na wahusika wanastahili heshima. Lakini menyu huonekana baada ya mashine kuzinduka. Kabla ya hapo, katika zile sekunde chache za skrini nyeusi, mashine husema kwa Kiingereza, tena kwa ufupi na kwa ukali. Maandishi yanayomaanisha kuwa hakuna kifaa chenye mfumo endeshi humtia hofu mtumiaji kuliko ujumbe mwingine wo wote, ilhali maana yake ni nyepesi: "Nimewaka, lakini sikuona pa kuzindukia." Hapo ndipo mtumiaji anapomhitaji mfasiri, na ndipo ambapo mfasiri hayupo.

Wengine tena watahoji kuwa istilahi za kiteknolojia tayari ni nyingi mno, na kwamba hitilafu baina ya "kompyuta", "tarakilishi" na "ngamizi" haijasuluhishwa. Hoja hiyo inaunga mkono makala haya. Mijadala ya istilahi imedumu kwa sababu huendeshwa kwa kulinganisha neno kwa neno, katika kumbi na warsha, mbali na mahali neno linapofanya kazi. Kipimo bora ni kumpa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ukurasa mmoja wa maelekezo, flashi na kipakatalishi kikongwe, kisha kumwacha atende. Akikwama, neno lililomkwamisha litajulikana. Akifaulu, hakuna haja ya kamati kuamua iwapo istilahi zinafaa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuwasha, kuzindua na kuamsha ni mambo matatu, na kwamba kutoyatenganisha huwagharimu wanafunzi fedha, wakati na kazi za utafiti zisizoweza kurudiwa. Yameonyesha pia kwamba maarifa ya kuzindua mashine kwa diski ya nje ni machache na yanafundishika kwa Kiswahili bila kuchechemea.

Yapendekezwa, basi, kwamba kila chama cha wanafunzi wa Kiswahili kiwe na angalau flashi mbili za uzinduzi, moja ya biti 64 na nyingine ya biti 32, zikiambatana na ukurasa wa maelekezo ulioandikwa na wanachama wenyewe na kujaribiwa na wageni wa chuo. Wanaoandaa maelekezo hayo waorodheshe pia ujumbe wa Kiingereza unaojitokeza kwenye skrini nyeusi, na mkabala wake waweke maana kwa Kiswahili chepesi. Wahadhiri wanaofundisha leksikografia na tafsiri wanaweza kuifanya kazi hii kuwa zoezi la muhula, kwani ina kila kinachohitajika katika zoezi zuri: matini chanzi, hadhira inayojulikana, na njia ya kuthibitisha kama tafsiri imefaulu.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya mwanafunzi kuambiwa kwamba hana budi kununua mashine mpya, na awepo mwenzake wa kumwuliza kwa Kiswahili sanifu kama ile ya zamani haiwaki au haizinduki, naye awe na flashi mkononi.